Kibanja Alichoachiwa Mdogo Wangu

Kila mwaka, kidato cha nne wakikaribia kumaliza, mkuu wa shule hunisimamisha mbele yao niwashauri kuhusu kuchagua kazi ya maisha. Nimefundisha Bukoba mjini zaidi ya miaka ishirini, maneno nayajua kwa moyo: jipime, usifuate mkumbo, chagua unachokipenda. Wananipigia makofi.

Mimi yangu sikuichagua. Baba aliwatazama wanawe wawili, akaona mimi nina akili ya darasani. Nikasomeshwa. Mdogo wangu alifeli la saba, akaachiwa kibanja Muleba, migomba na mibuni yote, ili naye asitoke mikono mitupu. Wazee wengi kwetu walifanya hivyo. Shamba lilikuwa pole ya aliyeshindwa.

Pole hiyo naionea wivu mpaka leo, sifichi. Mdogo wangu huamka akiimba. Mimi huamka nikihesabu miaka iliyobaki nistaafu.

Binti yangu alipomaliza kidato cha sita tulikwenda likizo ya Juni nyumbani Muleba. Alishinda kibanjani na baba yake mdogo, akifundishwa kuchagua machipukizi ya migomba na kuotesha miche ya kahawa. Lubisi, pombe yetu ya ndizi, ilipoiva, akatumwa alete kibuyu cha kwanza. Hicho ni cha mkubwa wa nyumba, na mkubwa ni mimi. Nikajiweka sawa kitini. Akanipita, akampigia magoti mdogo wangu.

"We mtoto! Anza na mkubwa wangu, waitu," mdogo wangu akamsihi kwa aibu.

"Lakini kibanja si chako, baba mdogo?"

Akacheka. "Mcheza kwao hutunzwa," akasema, kisha akanipa kibuyu kwa mikono miwili. Nikanywa. Pombe ilikuwa nzuri, nikazidi kuchukia.

Kesho yake asubuhi binti akanifuata uani. "Baba, chuo sitaki. Nataka nibaki hapa nijifunze kazi hii."

Yote niliyowahubiria watoto wa wenzangu yalinitaka nimkubalie. Nikamwambia, "Usome miaka yote hiyo uje kupogoa migomba? Omba chuo, ukawe mwalimu."

"Wewe ualimu uliuchagua mwenyewe?"

"Niliuchagua mwenyewe," nikamjibu, nikimtazama machoni.

Sikuwa namwokoa na umaskini. Nyumba ya mdogo wangu ni nzuri kuliko yangu ya kupanga mjini, mtaa wa Bakoba. Nilishindwa tu kuvumilia kwamba angeipata furaha ambayo mimi sikuipata, tena aipokee mikononi mwa mdogo wangu.

Akaniamini. Sasa yuko mwaka wa pili, anasomea ualimu, na mwaka huu nilimwomba mkuu wa shule atafute mwingine wa kuwashauri kidato cha nne. Chuo kikifunga hushuka njiani Muleba kwa baba yake mdogo, basi likafika Bukoba bila yeye. Mimi hunipigia simu siku ya tatu.