Mchezo wa Ndovu kwenye Kompyuta

Kisa hiki bado kinanichoma, lakini leo nakitoa. Miaka ya tisini nilifundisha jiografia katika shule moja ya sekondari karibu na Makindu. Shule ilipopewa kompyuta yake ya kwanza, mimi nilijiona profesa. Kwa somo la utalii nikatengeneza mchezo: mwanafunzi anawaongoza watalii mbugani kwa kujibu maswali, na akikosea, ndovu anamkanyaga kiongozi. Wazo hilo nililipata sokoni, watu waliposimulia kuhusu kiongozi mmoja wa watalii aliyeuawa na ndovu. Hata jina lake sikuuliza.

Darasa liliupenda sana. Mwende peke yake alikataa kucheza.

"Kuja, Mwende! Kompyuta haiumi," nikamtania.

"Mwalimu, niache tu."

Nikadhani anaogopa mashine, nikamvutia kiti. Swali la kwanza akakosea. Kompyuta ikalia, maandishi yakatokea: "Umekosea. Kiongozi amekufa." Wanafunzi wakacheka, na mimi nikawashinda wote kwa kicheko.

Mwende akasimama, machozi yakimtiririka.

"Mwalimu, huyo ni baba. Na hakukosea. Alikuwa anawarudisha wageni ndani ya gari."