Korosho za Uzi Mwekundu

Kifua changu ndicho kilichoniingiza kwenye balaa hili. Baada ya misimu mingi ya kupuliza salfa kwenye mikorosho, daktari aliniambia waziwazi kwamba nikiuvuta tena ule unga nisimsumbue. Sasa bila salfa, mikorosho ya huku Newala hushikwa na ubwiriunga: maua yanageuka meupe, yananyauka, na msimu umekwisha. Sina kazi nyingine wala shamba jingine.

Mkorosho mmoja tu ndio usiojali ugonjwa huo, ule wa marehemu baba. Lakini korosho zake ni vijikorosho, mnunuzi akiziona hukunja uso kama nimempelekea kokoto. Mwisho wa shamba upo mwingine, mche nilioununua Masasi, korosho zake kubwa za kupendeza, ila ubwiriunga ukipiga hodi tu wenyewe umeshalala. Nikaamua kuiozesha. Niliwahi kuwa kibarua kwenye kituo cha utafiti, na kazi yenyewe ilikuwa hiyohiyo.

Kuozesha mikorosho kunataka subira ambayo sina. Unawahi asubuhi ua ndiyo kwanza linafunguka, unang'oa sehemu yake ya dume kwa kibano, unapaka chavua ya mti wa pili, unafunga uzi mwekundu, unalivisha kifuko. Vifuko nilishona kwa chandarua kuukuu. Na shamba langu liko njiani, kwa hiyo kila anayekwenda kuteka maji ananikuta juu ya ngazi, pumzi nimezibana.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Umeamkaje?"

"Salama."

"Na nyumbani?"

"Wazima."

"Huo mti unaumwa nini hata ukaufunga hivyo?"

Mpaka nimalize kujibu, chavua imekauka. Na nisipojibu, jioni kijiji kizima kinajua kwamba siku hizi najisikia.

Kwa adha yote hiyo yalishika mabibo kumi na matatu, kila tunda na korosho yake moja ikining'inia chini. Kumi na matatu, maua yale yote! Nikawa nayatembelea kila asubuhi kama mgonjwa aliyelazwa. Yalipoanza kuiva nikaitwa msibani Masasi, nikakaa siku nne.

Niliporudi, mti wa baba ulikuwa hauna kifuko hata kimoja. Mama Mkubwa, dada yake marehemu mama, ambaye nyumba yake inapakana na shamba, alikuwa ananingoja barazani.

"Shikamoo Mama Mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Pole na msiba. Nikaona ulivyoondoka haraka umesahau mabibo yako, yataozea kwenye mifuko. Nikayatungua, tumeyala na wenzangu. Matamu! Korosho zako zipo palepale shinani, sijagusa hata moja."

Huo ndio utaratibu wetu, na hakuna aliyeukulia huku asiyeujua. Mwenye kiu akipita shambani kwa mtu hula bibo, korosho huiacha chini ya mti kwa mwenyewe. Mama Mkubwa ameufuata maisha yake yote. Tena, kwa wema wake, alikuwa amefagia chini ya mti, akaokota na korosho zilizodondoka zenyewe, akaziweka zote fungu moja safi. Vifuko alivifua akavikunja. Nyuzi nyekundu alizifungasha pamoja, akazining'iniza kwenye kitasa cha mlango wangu.

Korosho hufanana na za mti uliozizaa, baba yake awe yeyote. Kwa hiyo zile zangu kumi na tatu zilikuwa zimelala ndani ya fungu la korosho tisini na kitu, ndogo zote, za sura moja. Ningemwambia nini? Nilisema ahsante. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba, nikalipiga teke debe la maji, nikaumia kidole, nikalia kwa hasira hata kifua kikaanza kubana.

Nikazipanda zote. Sikuwa na eneo la kutosha, nikalazimika kumweleza Mama Mkubwa sababu. Kesho yake nikamkuta anang'oa muhogo wake upande wa pili wa mpaka. "Panda hapa," akasema, bila kunitazama.

Mwaka wa tatu, kwenye baridi na ukungu, ubwiriunga ukaivamia miche ile, mmoja baada ya mwingine. Ulibaki mmoja tu, kwenye eneo lake Mama Mkubwa, majani safi, maua safi. Nikajikataza kufurahi. Huenda ulikuwa mti wa baba umejirudia tu, na vijikorosho vyake. Mpaka nione korosho.

Ulishika bibo moja. Nilimwambia kila mtu, kwa salamu na bila salamu, kwamba lile haliliwi. Nikalichunga kama wiki mbili, asubuhi na jioni. Asubuhi niliyochelewa, kwa sababu ya kukohoa usiku kucha, nikakuta kikonyo kitupu.

Nilitukana. Nilimtukana aliyepita, njia, kisima na aliyekichimba. Halafu nikainamisha macho.

Chini ya shina palikuwa pamefagiwa. Katikati imewekwa korosho moja, kubwa, imefutwa vumbi, imefungwa uzi mwekundu.