Tawi Njiani

Mpaka leo siwezi kukaa kitini muda mrefu. Mke wangu husema nimekalia siafu. Nikiulizwa chanzo, naulaumu msimu mmoja wa mbio za nyika, uliokwisha vibaya nilipokuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha ualimu, kando ya barabara ya kutoka Busia kwenda Malaba.

Miaka ile ya sitini, uhuru ukiwa bado mbichi, hatukuwa na uwanja wa maana. Tulikimbia kwenye njia za watu, pekupeku, tukipita kando ya mihogo na mabua ya pamba, kwenye vijia ambavyo akina mama walivitumia kwenda sokoni Chakol. Msimu wetu ulianza kiangazi, mashamba yakiwa matupu. Ulikwisha mvua ikianza, ng'ombe wa kulima wakapita na kuvipindua vijia vyenyewe. Hakuna aliyetangaza mwisho. Siku moja ungekuta njia imekuwa shamba, basi.

Mbio za mwisho mwaka ule zilikuwa na zawadi moja tu: mshindi angekwenda Kisumu kupambana na wakali wa vyuo vingine. Niliitaka safari ile kwa uchu. Muhula ukiisha ningepewa shule, chaki na watoto wa darasa la kwanza, na nyumbani kila mtu alikuwa ameshaniambia kwamba mwalimu hakimbii. Mwalimu hutembea, tena polepole, mikono nyuma. Mimi nilitaka nikimbie mara moja tu mbele ya watu wasionijua, kabla mikono yangu haijaenda nyuma.

Usiku wa kuamkia siku ile mvua ikanyesha. Mwalimu wetu wa michezo, Mzungu kijana ambaye hakuwa amemaliza hata mwaka kwetu, alikuwa ameweka alama za majivu kwenye kila njia panda, na zote zikasombwa. Alfajiri akashika panga, akakata matawi mabichi na kulaza moja kwenye kila njia tuliyopaswa kuifuata. Tulipojipanga mstarini alisema tu, "Alama iko. Angalia alama."

Sasa, kwetu, uwe Mteso uwe Mluhya, unajua tangu utotoni: ukiwatangulia wenzako safarini na kufika njia panda, unalaza tawi kwenye njia ambayo hukuifuata. Tawi linawaambia walio nyuma kwamba huku kumefungwa. Mama yangu alinifundisha hilo kabla sijajua herufi. Kwa hiyo nilipofika njia panda ya kwanza nikiwa mbele ya wote, nikaona tawi limelala upande wa kulia, sikufikiri hata kidogo. Nilikata kushoto, na kundi zima likanifuata.

Nilikimbia vizuri siku ile, na hilo ndilo linaloniuma. Pumzi ilikuwa imekaa sawa, miguu haikunidai kitu. Tulivuka kijito, tukapanda mwinuko, tukatokea kwenye soko dogo ambapo nilisikia mtu akiitwa "ssebo", yaani bwana kwa Kiganda, nikaelewa kwamba tumeshaingia Uganda. Siku zile mpaka haukuwa na makelele. Ungeweza kuuvuka ukimfuata mbuzi.

Lakini watu wa sokoni waliona kundi la vijana linakuja mbio, mmoja akiwa mbele peke yake, wakaelewa walivyoelewa. Mwanamume mmoja aliangusha baiskeli yake pamoja na mikungu ya ndizi.

"Mwizi! Kamata huyo wa mbele!"

Wa mbele nilikuwa mimi. Walinishika fulana, wakanishika shingo. Mama mmoja muuza mihogo akaniinamia. "Ssebo, umeiba nini?"

"Sijaiba kitu, mama. Tunashindana."

"Mnashindana kuiba?"

Wenzangu walipofika na kunitetea, soko lote lilicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nalia, nikisingizia jasho.

Tuliporudi chuoni mshindi alikuwa ameshaoga. Alikuwa mwana wa mwenye duka mjini Busia, kijana mpole aliyezoea kumaliza wa mwisho. Alikulia nyuma ya kaunta, hakuwa na desturi ya kufuatana na watu vichakani. Alipofika njia panda sisi tulikuwa tumepotea machoni mwake, akaona tawi, akaliruka.

"Mimi niliona alama, bwana," aliniambia. "Kwani nyinyi hamkuona?"

Ningeweza kumpiga. Nikamgeukia mwalimu wa michezo na kumpigia kelele mbele ya watu. "Mimi naweka majani hapa," alijibu akishangaa, "maana yake pita hapa!" Alipoelezwa desturi yetu alishika kichwa, akaniomba radhi kweli kweli. Lakini mkuu wa chuo akaamua kwamba mshindi ni aliyefika. Tukarudisha fulana stoo.

Wiki ile sikutulia kitini. Darasani miguu yangu ilitikisa dawati mpaka jirani akalalamika. Nilikula nimesimama. Mbio nilizoziacha njia panda zilikuwa bado zimo ndani ya mapaja, na hazikuwa na pa kutokea. Jumapili, wenzangu walipokwenda kanisani, nilivua viatu nikaondoka. Niliazimia kuikimbia njia ile mpaka mwisho wake, japo peke yangu.

Njia panda nilikuta tawi, upande ule ule wa kulia. Lilikuwa bichi, na sikujiuliza ni kwa nini. Nilichojiambia ni kwamba mara hii halinidanganyi. Mguu ulisita, nikaulazimisha, nikaliruka.

Nilikimbia kama mtu aliyefunguliwa kamba. Nilipozunguka kichaka udongo ukalainika ghafla, nikazama mpaka kwenye vifundo, na bado nikaendelea, hatua baada ya hatua ndefu, mpaka sauti ikanisimamisha.

"Mwalimu! We mwalimu! Unakanyaga wimbi yangu!"

Mwanamke alikuwa amesimama katikati ya shamba lililolimwa, kikapu cha mbegu za ulezi kiunoni. Hakukuwa na njia mbele yangu wala nyuma yangu. Hakuna mtu aliyewahi kuniita mwalimu kabla ya siku ile.

"Kwani hukuona tawi?" akauliza. "Si nimefunga njia?"

"Nimeliona, mama."

"Sasa?"

Alinitazama, akazitazama nyayo zangu zilizochimba udongo wake kutoka kichakani, akanionyesha kwa kidevu nini cha kufanya. Nikageuka. Nikainama, nikaanza kuzifukia kwa mikono, moja moja, nikirudi polepole nilikotoka, hadi kwenye tawi. Miguu ilikuwa bado inataka kwenda.