Docteur Alisema Roho ya Kangwa Iko Muzuri

Kangwa wa Katuba anatengenezaka mafrigo. Kwake yeye, kitu haiharibikake bule: kuko pièce moya yenye ilikufa. Unatosha ile, unatia ingine, baridi inarudia. Hata Merdi, mutoto wake, akilia, anauliza tu: "Ni wapi?" Muntu wa kutumika muzuri. Ila pa meza, mukono yake iko mufupi.

Mama mukwe wake, mama Albertine, alifika kubatembelea, kubalamukia. Pa nyumba kulikuwa samaki ya Kasenga, mukubwa, ya mafuta. Kangwa aliifunga mu frigo ya client, yenye iko na fungulo. Mama mukwe alikula bukari na majani ya sombe tu, akashukuru, akarudia kwake Kasungami. Virginie, bibi ya Kangwa, hakupiga kelele. Alikunja manguo.

"Papa Merdi, uko na roho mubaya. Miye siwezi kuikala na muntu wa roho mubaya."

Akabeba Merdi, akafwata mama yake.

Sasa, kwetu huku, roho ni ile yenye kupiga mu kifua, na tena ni ile yenye kunyima mukwe samaki. Jina moya. Kangwa alishika ya mu kifua, juu njo yenye kuwa na mapièces.

Alienda ku hôpital. Docteur alimupakala mafuta ya baridi mu kifua, akaangalia mu écran. "Papa, roho yako iko muzuri. Inapiga sawa ya kijana."

Kangwa alipanda pikipiki na foto ya roho, mbio mpaka Kasungami. Alikuta Virginie na mama yake banachagula maharagi.

"Docteur aliangalia," anasema. "Roho haina kitu."

Virginie alipindua foto. "Hii ni nini, kiazi?"

"Ni roho yangu. Angalia, clapets, ile milango ya damu, zote zinafunga."

"Kwa kufunga, ninakubali. Na samaki, docteur aliiona mule?"

"Samaki itaingia mu roho namna gani? Iko mu frigo."

"Njo kule mama aliona roho yako. Docteur alikosa mulango."

Mama Albertine aliinamia maharagi yake. Mabega yake ilikuwa inacheka.

"Basi unionyeshe hiyo ingine," Kangwa anasema, "niitengeneze."

"Hakuna ingine yenye kufichama. Ukifungia mama samaki, njo roho yenyewe hiyo. Ukimupa, njo yenyewe tena. Hakuna pièce."

Kangwa alirudia Katuba. Kesho yake alifika na samaki mu bassin. Ilipoiva, alikata yeye mwenyewe: tumbo yenye mafuta kwa mama mukwe, mukia kwake. Kisu ilitembea polepole, sawa yenye kubembelezwa. Kisha alitia mukono pa kifua.

"Mama Merdi, sisikie kitu yenye kubadilika mule ndani."

"Hautasikia," anasema Virginie. "Kula mukia yako, tufunge manguo, turudie."