Sari Tisa za Siku ya Manjano

Ambia Khatun hajawahi kulipa bei aliyotajiwa. Tangu aolewe akaletwa Khalishpur, nyuma ya kiwanda cha magunia alikofanya kazi marehemu mumewe, hakuna muuza samaki wala muuza vitunguu aliyewahi kumtoa hata taka moja, hela ya huko, ya ziada. Hilo alilihesabu miongoni mwa mambo aliyoyafanya vizuri duniani, pamoja na kulea watoto wanne na kutomjibu mama mkwe wake kwa miaka kumi na minane.

Mbinu yake ilikuwa moja. Unataja nusu. Muuzaji anacheka, anaapa, anakutajia wanawe mmoja mmoja. Unakiweka kitu chini, unageuka, unaondoka polepole bila kutazama nyuma. Ukifika hatua ya saba au ya nane utasikia, "Haya mama, rudi." Hakuna aliyewahi kumwacha afike ya kumi na tano.

Magoti yalipokataa ngazi za soko, soko likamfuata kwenye simu. Mwanawe Shafiul alimnunulia ili aongee na binti zake walioolewa mbali, yeye akaigeuza kuwa duka. Kusoma alisoma kwa taabu, herufi moja moja, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Lakini tarakimu alizijua, na jicho lilikuwa zima. Akitazama picha ya sufuria alikuwa akisema, "Hii picha nimeiona kwa watu watatu, na ukuta nyuma ni ule ule. Hawana sufuria hawa, wana picha." Mke wa mwanawe, Lipi, ndiye aliyemsomea maoni ya wanunuzi, na Ambia alitaka aanze na ya waliokasirika.

"Wenye furaha wanasema nini, mama?"

"Wenye furaha wana haraka. Nisomee aliyelia."

Alijua pia kwamba mwisho wa mwezi, kabla mishahara haijatoka, wauzaji hulainika, na kwamba bei ikiwa ndogo mno uitafute kwenye gharama ya kusafirisha, ndiko ilikojificha. Alimpatia Lipi blenda kwa bei ya pasi, na jirani mto kwa bei ya foronya. Ghorofa nzima ilikuwa ikimtuma.

Ndipo ikaja harusi ya Mitu, mjukuu wake wa kwanza, na siku ya kumpaka manjano. Siku hiyo wanawake wa upande wa bibi arusi huvaa sari za aina moja, na upande wa bwana huja na masinia, na macho. Wanawake wa kuvaa walikuwa tisa. Ambia mwenyewe hakuhesabiwa, yeye ni mjane na sari zake ni nyeupe. Shafiul akatoa taka elfu tisa, elfu moja kwa kila sari, akasema hana nyingine.

Wifi yake, Monowara, dada wa marehemu, alikuja siku hiyo hiyo kunywa chai na kupanga mambo ya watu.

"Elfu moja unapata za mashine pale sokoni," alisema. "Njano, mstari mwekundu. Nimeziona. Chukua tisa, yaishe."

"Za mashine wavae watu wa mashine," Ambia akasema. "Mjukuu wangu damu yake ya Pathrail, kwa wafumaji. Baba yangu alifuma miaka arobaini. Nitaleta za mkono, kwa hela hiyo hiyo."

"Za mkono kwa elfu moja." Monowara aliweka kikombe chini ili acheke vizuri. "Utazifuma wewe?"

"Zitakuja tisa, wifi. Na ya kwanza utaivaa wewe."

Lipi alikuwa jikoni akakohoa. Maneno yalikuwa yameshatoka, na zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa.

Ambia alitafuta kwa siku sita. Aliona njano ya kila namna, na kila muuzaji aliapa kwamba yake ni ya mkono. Yeye hakusikiliza kiapo, alitazama ukingo. Sari inayofumwa kwa mkono hutandazwa kwa kijiti chenye pini kila upande, isijikunje, na pini zile huacha vitundu vidogo pembeni, mwanzo hadi mwisho wa kitambaa. Utotoni, kabla hajaruhusiwa kugusa kitu kingine chochote, kazi yake ilikuwa kusogeza kijiti kile kila baba yake akimaliza shubiri moja. Mashine haina haja nacho, na ukingo wake huwa mzima kama karatasi.

Siku ya saba, baada ya sala ya alasiri, binti mmoja wa Tangail aitwaye Tanjila alikuwa akiuza laivu kwenye ukurasa wake. Amekaa kitandani, simu mbele yake, anainua sari moja baada ya nyingine na kutaja namba yake; anayeitaka anaandika ile namba, wa kwanza ndiye mwenye mali. Akafika namba ishirini na sita. Njano ya manjano yenyewe, mbichi, na ukingo mwekundu. Akaitupa begani, akaenda nayo dirishani kuonyesha rangi, na jua likapita pembeni mwa kitambaa. Vitundu vilijipanga kama sisimizi.

Ambia alikaa wima.

"Ninazo kumi na nne, dada zangu," Tanjila akasema. "Elfu moja mia tatu na hamsini, na leo tu."

Lipi alikuwa ameenda kuanua nguo. Ambia hakumwita. Tarakimu alizijua. Akaandika kwa kidole kimoja: 600. Nusu, na kidogo chini ya nusu, kwa sababu binti alionekana mpole. Akatuma. Kisha akafanya alichofanya maisha yake yote: akaiweka bidhaa chini. Akaizima simu, akaifunika kioo chini juu ya mto, akaenda kunawa mikono. Alikunja tambuu yake bila haraka. Akatafuna. Alipoona muda unatosha, muda wa hatua nane au kumi, akaifungua tena ili aitwe.

Tanjila alikuwa kwenye namba thelathini na moja, sari za bluu.

"Lipi," Ambia aliita. "Njoo unisomee hapa, amenijibu nini?"

Lipi alikuja na nguo begani. Alisoma juu, akashuka chini, akarudi juu. "Hajakujibu, mama. Watu kumi na nne wameandika ishirini na sita. Zimekwisha."

"Zimekwisha vipi? Sijaondoka hata dakika tano."

"Kwani uliondoka?"

"Niliondoka ili anirudishe."

Lipi alimtazama, akaelewa, akakaa kitandani taratibu. Hakucheka, na Ambia alimshukuru kimoyomoyo kwa hilo. "Mama, yeye hawezi kukuona ukiondoka."

Usiku ule Ambia hakula wali, alisema tumbo limejaa. Kesho yake alisema meno. Monowara alipopiga simu kuuliza za mkono zimefikia wapi, Ambia alimjibu kwamba zinafumwa, akamkatia.

Ilikuwa siku ya tatu ndipo alipomsikia Bwana Kalam, mpeleka vifurushi, akigombana kwenye ngazi. Mama wa mlango wa pili alikuwa amefungua kifurushi cha viatu, akavitazama, akasema havitaki. Hapa watu hulipa mzigo ukishafika, na wengi wakishaufungua hubadili nia. Wengine huagiza vitatu ili wachague kimoja. Bwana Kalam alikuwa akifunga upya boksi huku akisema peke yake.

"Leo hiki ni cha saba," alimwambia Ambia alipomwona mlangoni. "Narudi na mzigo kama niliokuja nao."

"Vinaenda wapi?"

"Kwa mwenyewe. Na safari zote mbili analipa yeye, kuja na kurudi. Wewe unadhani wanatajirika hawa?"

Ambia alimpa maji ya kunywa, akarudi ndani, akakaa. Watu kumi na nne walikuwa wamenyakua sari kwa dakika tano, bila kuuliza lolote, bila kuona ukingo. Wangapi kati yao watabadili nia mlangoni? Na zikirudi kwa Tanjila, zitarudi zimekunjuliwa, wanga uliokazia kitambaa umevunjika, na gharama juu yake. Muuzaji mwenye mzigo wa namna hiyo ndiye wa kuzungumza naye. Ila sasa ilibidi aanze yeye kuongea, tena kwa heshima, na hilo lilikuwa gumu kuliko hesabu.

"Washa ile ya sauti," alimwambia Lipi. Alijifunika kichwa vizuri, kana kwamba binti angemwona.

"Binti yangu Tanjila, asalaam alaikum. Mimi ni mama mtu mzima, niko Khulna. Ile njano yako namba ishirini na sita niliiona. Ni kazi ya mkono, nimeona vitundu. Watu watakurudishia, maana hawajui walichochukua. Zikirudi usimuuzie yeyote kwa bei ya kutupa. Niletee mimi, hata zikiwa zimekunjuliwa. Nauli nakutumia leo, kabla ya mzigo, na mlangoni kwangu hairudi hata moja."

Jibu lilikuja baada ya adhuhuri. Sauti ilikuwa ya uchovu, na nyuma yake mtoto analia. "Alaikum salaam, mama. Samahani, si wewe uliyeandika mia sita?"

Lipi alitazama dari. Ambia alishika simu kwa mikono miwili.

"Ni mimi. Nilifanya makosa. Nilidhani niko sokoni."

Sauti iliyofuata ilikuja na kicheko ndani yake. "Nilidhani ni mtu ananitukana, mama. Siku nzima iliniuma. Haya. Mpaka leo zimerudi tatu. Nitakupa kwa elfu moja na mia."

Mia sita ilimjia Ambia mdomoni, na mia nane pia. Akameza. Alimweleza kwamba mwanawe ametoa elfu moja kwa kila moja na hana zaidi, kwamba anahitaji tisa, na kwamba ni kwa ajili ya manjano ya mjukuu wake. Hayo yote yalikuwa kweli, na hakukumbuka lini mara ya mwisho alimwambia muuzaji kitu cha kweli.

"Elfu moja, basi," Tanjila akasema. "Lakini mama, tisa sikuahidi. Nitakupa zitakazorudi."

Nauli ilitoka kwenye hela yake ya tambuu. Akawa anangoja watu asiowajua, wa Sylhet na Barisal na Rangpur, wabadili nia. Alimwomba Mungu wabadili, kisha akaona aibu kwa dua ile, kisha akaiomba tena. Zikaja tatu. Zikaja mbili. Kila kifurushi alikifungua mbele ya Bwana Kalam, akaupitisha ukingo wote kati ya kidole na dole gumba, macho kafumba, akalipa. Ikaja moja, ikaja nyingine mbili. Siku mbili kabla ya shughuli Tanjila alituma sauti: waliobaki sita wamelipa, na wanaonekana wameridhika. "Nimejaribu, mama."

Nane.

"Tununue moja ya mashine," Shafiul akasema. "Nani atajua?"

"Atakayeivaa," Ambia akasema.

Akajifunga shali, akaita rikisho, akaenda kwa Monowara, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu magoti yaharibike. Alikalishwa, akaletewa chai. Akazitoa sari kwenye mfuko, akazipanga juu ya kitanda.

"Hizi ni nane," alisema. "Nilikwambia tisa. Zilipokuwepo nyingi niliringa, zikachukuliwa. Nimekuja kukwambia mwenyewe kabla hujasikia kwa wengine."

Monowara alivaa miwani. Alichukua ya juu, akaisugua, akainusa. Akautafuta ukingo, akaupeleka dirishani. Alikaa nao muda.

"Umetoa ngapi?"

"Elfu moja."

"Kila moja?"

"Kila moja."

Monowara alizikunja zote nane upya, vizuri kuliko zilivyokuja. "Kwa hiyo nani anakosa?"

"Sijui. Nilikuahidi wewe ya kwanza."

"Mimi nitaonekanaje na njano, na rangi yangu hii," Monowara akasema. "Kunywa chai, inapoa."

Siku ya manjano wageni wa bwana arusi waliingia na masinia yao, samaki mkubwa aliyevikwa kishali na kutiwa hereni kama bibi arusi, ndiyo desturi, na macho yao wakayapitisha kwenye mstari wa wanawake. Nane walikuwa wa njano, Lipi katikati. Pembeni Ambia na nyeupe yake. Na karibu naye Monowara, sari ya kijani kibichi, amenyooka kama askari.

Mama mmoja wa upande ule, mwenye pete nyingi, alimwinamia. "Na wewe dada, mbona peke yako kijani? Hukupata?"

"Mimi nimetozwa faini," Monowara akasema. "Nilibisha kwamba haziwezi kupatikana. Shika hapo pembeni uone. Si hapo, mama, kwenye ukingo. Za mkono hizo. Na bei ukiambiwa utakaa chini."

Yule mama alishika. Akamwita mwenzake, naye akashika. Wakauliza zimetoka wapi, na Monowara akawaonyesha kwa kidevu mtu wa kumuuliza.

Wakamgeukia Ambia. Aliomba kwanza aletewe sahani ya wali, akala wote.