Shahidi wa Kifo cha Athmani

Asubuhi tuliyochukuliwa nilikuwa nimejimwagia tui la mbaazi kanzuni. Naanza hapo kwa sababu watu wakiniuliza habari za vita hutaka nianze na mizinga, na kila nikianza na mizinga najikuta natia chumvi. Nilikuwa Bondeni, kwenye banda la mama mmoja muuza mahamri, na aliyekaa mbele yangu ni Athmani, kijana wa Kibokoni. Yeye alikuwa mwashi, mimi hamali wa forodhani. Tulijuana kwa mbaazi tu: kila asubuhi tunakutana pale, tunataniana, kila mtu anakwenda kazini kwake. Wiki tatu nyuma alikuwa ameoa, na hapakuwa na mtu bandani aliyekosa neno la kumwambia.

“Yakwe, mkeo hakupi chai? Mbona waja kula kwa watu?” nikamuuliza.

“Chai anipa. Lakini mbaazi hajui kupika, na weye ukimwambia n’takuua.”

Tulikuwa bado tunacheka alipopita mzee wa mtaa na askari wawili na karatasi. Vita vya Mwingereza na Mdachi vilikuwa vimekwisha kukolea kule bara, na serikali ilitaka watu wa kubeba mizigo ya jeshi. Jina langu halikuwamo kwenye ile karatasi, wala la Athmani. Ila wenye majina walikuwa wamesikia mapema wakatoroka, na askari hawakutaka kurudi mikono mitupu. Tukachukuliwa sisi. Sikupewa hata nafasi ya kubadili kanzu.

Wengine walikwenda vitani na bunduki. Sisi tulikuwa Kariakoo, wapagazi, na silaha yetu ilikuwa mabega. Tulipanda gari moshi, tukatembea, tukapakiwa melini, tukashushwa kusini katika nchi ya Mdachi, tukatembea tena. Mimi na Athmani tulipewa sanduku moja la risasi lililoning’inia kwenye mti, yeye mbele, mimi nyuma. Miezi minane nilikuwa naitazama shingo yake. Mpaka leo naikumbuka shingo kuliko uso. Mvua zilipokuja, mabonde ya Rufiji yalijaa maji, chakula kikachelewa, na unga ulipofika ulikuwa umeota ukungu. Tuliula hivyo hivyo. Watu wakaanza kuhara damu, na wengi zaidi walikufa kwa hilo kuliko kwa risasi.

Siku ya tatu ya kuhara, Athmani aliketi chini njiani.

Mnyapara akaja na kiboko. Akampiga mara mbili, akaona hakusaidii, akaacha.

Amri ilikuwa moja siku zote: mzigo uende. Akaletwa mtu mwingine kushika upande wa mbele.

Nilimburura Athmani hadi kwenye kichuguu, nikamwegemeza. Nikamwachia kibuyu changu cha maji.

Alinishika kikoi. “Mbaraka,” akasema, “ngoja kidogo. N’tainuka.”

Nikavibandua vidole vyake, kimoja kimoja. Havikuwa na nguvu.

Nikaweka mti begani, nikaenda.

Tulifika kambini baada ya mwendo wa kama saa tatu. Karani alikuwa mlangoni na daftari, akanitazama mimi na yule mgeni wa mbele. “Mwenzako yuko wapi?” Ningesema nimemwacha hai, angeniuliza ni wapi, na huenda wangenirudisha na machela nikamtafute. Miguu yangu ilikuwa imevimba. Sikutaka kurudi. Nikasema, “Amekufa.” Karani akaandika, akamwita wa nyuma yangu.

Vita vilipokwisha tulirudishwa Mombasa, na kila mtu akaambiwa aende kwao. Kwetu kulikuwa chumba kimoja Bondeni alichokuwa akikaa mamangu. Nilibisha hodi, akafungua mtu nisiyemjua, akaniambia yule bibi alifariki mwaka jana. Huyo aliyefungua alikuwa mtu mwema. Alinikaribisha niingie nipumzike. Sikuingia. Niliona haya kuwa mgeni katika chumba nilichozaliwa.

Nikaanza kulala kwenye baraza za maghala karibu na forodha, pamoja na wengine wa Kariakoo. Hamali wenzangu wa zamani waliniita mara mbili tatu niende kazini, lakini kila nilipotia mzigo begani mwili mzima ulitetemeka, nikauangusha. Wakaacha kuniita. Nikajifunza kunywa tembo, na nikajifunza kuomba bila kumtazama mtu usoni. Watu wa mji hawakuwa wabaya. Walipita wakatupa chochote, wakafunika pua. Nisingewalaumu, tulinuka kweli.

Hapo ndipo aliponikuta Fundi Shee. Alikuwa mwashi mkubwa Kibokoni, mzee mfupi mwenye nyusi zilizojaa vumbi la chokaa, na kumbe ndiye baba wa yule mke wa Athmani. Alikuwa akipita baraza kwa baraza, akiuliza.

“Kuna aliyekuwa na Athmani, mkwe wangu?”

“Mimi,” nikasema. “Alikufa njiani.”

“Ulimuona?”

“Nilimuona.”

Nililisema jepesi, maana nilikuwa nimelisema zamani na halikunidhuru. Siku ile ile akanipeleka kwa kadhi. Mambo yalikuwa hivi: serikali ilikuwa imeleta barua kuwa Athmani amekufa, lakini barua haikusema nani aliyeona. Bintiye, Mwanaesha, alikuwa hana mume na si mjane. Hakuweza kukaa eda, hakuweza kuolewa, hata matanga hayakuwekwa. Kadhi alitaka mtu mwaminifu aliyeona kwa macho yake, na akija huyo, yeye angetosheka.

Kadhi alinitazama kwa upole. Akauliza nalala wapi, na nani jirani yangu anijuaye. Pumzi zangu, zilizonuka tembo, zilinisema kabla yangu.

“Simfukuzi,” akamwambia Fundi. “Lakini siwezi kumfisha mume wa mtu kwa neno la asiyejulikana. Shahidi awe mtu ambaye watu wamuamini.”

Tukaondoka. Kwenye kichochoro cha kwake Fundi akasimama. “Kesho asubuhi ndoo kwangu. Kuna chokaa ya kukoroga.”

“Sihitaji sadaka, mzee.”

“Nani kakwambia sadaka? N’na nyumba nzima ya kupaka na bega langu laniuma.”

Alitaka shahidi, nami nilijua. Alikuwa anajenga mtu kama ajengavyo ukuta, kwa sababu alikuwa na haja na ukuta. Lakini hakunichukua peke yangu. Alichukua na wenzangu wawili ambao hawakuwahi hata kumuona Athmani. Mmoja alitukimbia na ndoo mbili za Fundi, tukasikia zimeuzwa sokoni. Wa pili alikaa nasi hadi akapata kazi ya reli, akawa kila akipita Kibokoni lazima aje amsalimu.

Kazi yenyewe sikuiogopa, maana chokaa hukorogwa chini, haibebwi begani. Kilichonishinda ni sinia. Fundi alikula pamoja nasi, wote kwenye sinia moja la wali, na kabla ya kula alichukua birika mwenyewe akatumiminia maji ya kunawa, mzee yule, sisi tumekaa. Vitani tulizoea kula tumechutama, migongo nje, mkono mmoja ukikinga chakula. Siku ya kwanza nilichota katikati ya sinia, mbele ya watu wote, nikashindilia mdomoni, na tonge la pili nikalificha kwenye kikoi. Fundi alinitazama.

“Mwanangu, hakuna akunyang’anyaye. Kula upande wako. Na kesho pia kuna wali.”

Nililia pale pale, nikiwa na wali mdomoni, jambo la aibu kabisa. Kuanzia hapo nilijilazimisha kula polepole. Mwezi mzima nilikuwa nikihesabu matonge ya wengine ili nisiwapite.

Tembo niliacha kwa shida, nikarudia, nikaacha tena. Alasiri Fundi alinikalisha kwenye baraza yake kati ya wazee, na kikombe cha kahawa kilipozunguka kilinifikia na mimi. Mwanzo waliokaa kando yangu walisogea kidogo. Siku zikapita wakawa hawasogei. Kisha wakaanza kunitania kwamba nimekuwa mweupe kama shombe kwa chokaa, na nikajua sasa nimekuwa mtu wa mtaa, kwani asiye wa mtaa hataniwi.

Mwaka ukatimia. Mwalimu mmoja wa chuo cha Kurani, jirani yetu, akawa anasafiri kwenda Lamu kwa mazishi. Alikuja barazani, akawapita wote, akanipa mimi ufunguo wa nyumba yake. “Niangalizie nisije nikaibiwa, Mbaraka.” Fundi aliuona ule ufunguo mkononi mwangu. Asubuhi yake akaniambia nivae kanzu safi, twende kwa kadhi.

Hapo ndipo nilipoona mtego nilioingia. Mlevi wa forodhani angesema “nilimuona” bila kupepesa. Mimi sasa nilikuwa na ufunguo wa watu mfukoni.

Kwa kadhi, Mwanaesha alikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia. Nilisikia akikohoa. Kadhi aliwauliza wazee wawili wa baraza juu yangu, nao wakanishuhudia kwa wema. Kisha akanigeukia.

“Ulimuona Athmani akikata roho?”

“La, Sheikh.”

Fundi alinitazama.

“Nilimwacha hai. Aliketi, nikamwegemeza kwenye kichuguu, nikaenda na mzigo.”

“Na hii barua ya serikali?”

“Imetoka kinywani mwangu. Karani aliniuliza, nikamwambia amekufa. Niliogopa nisije nikarudishwa.”

Kadhi aliikunja ile barua, akaiweka kando. Akasema sasa hana tena cha kuandika, kwamba mwanamke ana mume hadi ijulikane vingine, na kwamba itabidi kungoja muda mrefu kama sheria isemavyo.

Njiani Fundi alitangulia. Tulipofika nilikusanya vitu vyangu, kikoi na sufuria, nikamnyooshea ufunguo wa mwalimu.

“Mwaka mzima nakulisha,” akasema, “ili uje umfungie mwanangu mlango?”

“Nisamehe, Fundi.”

“Ungalisema kweli hii siku ya kwanza, n’ngalikwenda zangu nikatafute mwengine.” Akautazama ufunguo, asiupokee. “Huo si wangu. Aliyekupa hajarudi. Kaa nao mpaka arudi.”

Nikakaa. Mwalimu aliporudi, Fundi alikuwa bado hasemi nami ila habari za chokaa, na kazi ilikuwa nyingi, na hakuna aliyetaja tena kuondoka. Kadhi aliandika serikalini kuuliza. Jibu likaja kwamba hapakuonekana alama yoyote ya mtu huyo. Baadaye Fundi alinituma mimi niende zile baraza za forodhani kuwaita wengine. Wapo waliokuja wakapona. Wapo waliokufa pale pale nikiwa nawasihi, na hao niliwachukua tukawaosha na kuwazika.

Miaka minne mingine ikapita kabla kadhi hajahukumu kuwa Athmani ahesabiwe amekufa. Nimeyapima mambo haya mara nyingi, na kila nikiyapima hayanipendelei. Neno moja la uongo kambini lilimkosesha Athmani machela. Neno moja la kweli kwa kadhi lilimkosesha Mwanaesha miaka minne ya ujana wake. Watu wa mtaa walinisifu kwa ile kweli, wakasema sasa huyu ni mtu. Heshima yangu ilirudi, siwezi kukataa. Lakini aliyeilipia ni yeye, wala hakuna aliyemuuliza kama yuko tayari.

Mwanaesha alikaa eda miezi minne na siku kumi. Alipotoka, alimtuma shangazi yake aniite. Nilisimama uani, yeye akakaa ndani ya mlango, amejifunika. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na kwa maswali nilikuwa na majibu yote: maji nilimwachia, kivuli kilikuwapo, maumivu hayakuwa makali mno.

“Kaka Mbaraka,” akasema, “ulipogeuka nyuma, alikuwa yuwakuangalia?”

“Sikugeuka, Bi Mwanaesha.”

Alikaa vile vile. Nilisikia mtu akitwanga nyumba ya pili.

“Haya,” akasema. “Nenda. Baba yuwakungoja kazini.”