Ukuta wa Mama Uliopakwa Chokaa

Enzi zetu kule Handeni nani alikuwa na penseli za rangi? Tulichora kwa mkaa, jivu na udongo mwekundu, kwenye kuta tulizokandika wenyewe. Wa leo penseli ikivunjika ncha, kazi imeisha, anatafuta simu.

Nakumbuka Waingereza walipomchukua kaka yangu Sefu kwenda kwenye vita vyao. Mama alitaka kulia, baba akamkataza. "Kumlilia aliye hai ni uchuro. Unataka afe?" Mama akameza kilio chake. Ugali wa muhogo na mlenda vikawa vinapoa mbele yake, nasi watoto tunaacha mchezo wa rede na kuja kumchungulia.

Asubuhi moja akaokota mkaa jikoni, akamchora Sefu ukutani: miguu mirefu, kofia, mbwa wake nyuma. Kesho yake akamwongezea kibuyu cha maji, eti safari ni ndefu. Mvua ikifuta, anakandika na kuchora upya, sisi mabinti tunampondea udongo mwekundu. Majirani walicheka. Lakini mama alianza kula, na nilimsikia akiimba.

Halafu jumbe akatangaza kuwa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, anakuja kukagua kijiji, nyumba zote zipakwe chokaa. Mama akampigia magoti.

"Jumbe, niachie ukuta huu mmoja tu."

"Mama Sefu, unataka nifukuzwe kazi kwa ajili ya masizi?"

Baba mwenyewe ndiye aliyepaka. Bwana Shauri alipita barabarani, hata shingo hakugeuza. Nilimchukia yule mtu, na bado namchukia.

Sefu hakurudi. Habari ya kifo chake ilipofika, mama aliruhusiwa kulia, ila hakuweza tena. Hakuchora, hakuimba, akaisha kidogo kidogo mpaka tukamzika.

Sasa mjukuu wangu, anayeishi Masuguru pale Korogwe, anaendesha semina. Watu wanachora na kuandika yanayowasumbua moyoni ili wapate nafuu, wanakunywa soda, wanapewa na cheti. Wanadhani wamevumbua jambo jipya. Mama yangu alilijua bila soda, na akanyang'anywa.

Juzi aliniwekea karatasi nyeupe na rangi. "Bibi, chora kinachokuuma." Nikamrudishia karatasi ikiwa nyeupe vilevile.

"Mbona hujachora kitu, bibi?"

"Ndiyo hiyo," nikamwambia. "Hivyo ndivyo walivyouacha ukuta wa mama."